Mwongozo Kamili wa Kusimamia Mafuta na Kutua kwa Dharura katika Ndege Ndogo za Mafunzo

Injini ya ndege ndogo inaweza kuzimika kwa sababu nyingi, lakini sababu ambayo rubani ana uwezo mkubwa zaidi wa kuizuia ni mafuta: ama yamekwisha kabisa, ama yamo tangini na hayafiki kwenye injini. Yakiwa yamekwisha, hakuna la kufanya angani ila kutafuta mahali pa kutua. Yakiwa bado yamo katika tangi la pili, au yamezuiwa na koki iliyofungwa, au yamechanganyika na maji, zipo hatua zinazoweza kuirudisha injini ndani ya sekunde chache. Mwongozo huu unafuata safari yenyewe, kuanzia ndege ikiwa imeegeshwa hadi watu wanaposhuka shambani, na mifano yake inatoka katika Cessna 152, Cessna 172 na Piper PA-28, ambazo wanafunzi wengi huanzia. Pale namba zilizomo humu zinapotofautiana na za kitabu cha ndege unayoirusha, fuata kitabu.

HESABU YA MAFUTA KABLA YA SAFARI

Anachohitaji kujua rubani ni injini itaendelea kufanya kazi kwa muda gani, na jibu hilo hupatikana kwa kugawa mafuta aliyo nayo kwa kiwango kinacholiwa na injini kila saa. Si mafuta yote yaliyomo tangini yanayofika kwenye injini. Cessna 152 yenye matangi ya kawaida hubeba galoni 26 za Marekani, lakini zinazotumika ni 24.5, yaani lita 93 hivi. Cessna 172N yenye matangi ya kawaida hubeba galoni 43 na kutumia 40, sawa na lita 151. Cessna 172S hubeba 56 na kutumia 53, sawa na lita 200. Kiasi kinachobaki hukaa chini ya tangi na hakipaswi kuingizwa katika hesabu ya aina yoyote.

Chagua kipimo kimoja na ukitumie kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitabu cha ndege huandika galoni za Marekani, muuza mafuta huuza kwa lita, na karatasi ya uzito huenda ikadai kilo au ratili. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.785, na lita moja ya avgas (petroli ya ndege) ina uzito wa kilo 0.72 hivi. Kuchanganya vipimo kumewahi kuwakwamisha hata marubani wa ndege kubwa. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa safarini kwa sababu hesabu ya kugeuza lita kuwa uzito ilitumia namba ya ratili mahali palipohitaji kilo, na ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyoyahitaji. Marubani waliitelezesha bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Kanada, na watu wote wakapona. Mwanafunzi anayeandika "40" kwenye fomu bila kutaja kama ni galoni au lita yumo katika hatari ileile.

Sasa tufanye hesabu moja kikamilifu. Safari ni ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga na kurudi, kwa Cessna 172N, katika msimu wa kaskazi. Umbali ni karibu maili 107 za baharini. Kasi ya ndege hewani ni noti 105 (maili za baharini kwa saa) na upepo wa mbisho ni noti 15, kwa hiyo kasi juu ya ardhi ni noti 90 na safari itachukua saa 1 na dakika 11. Ikiwa injini inakula lita 32 kwa saa, hizo ni lita 38. Wakati wa kurudi upepo uleule unakusukuma, kasi inakuwa noti 120, muda dakika 54, mafuta lita 29. Ongeza lita 8 kwa kila upande kwa ajili ya kuwasha, kutembea ardhini, kujaribu injini na kupanda, jumla lita 16. Ongeza asilimia 10 ya mafuta ya safari kwa yasiyotarajiwa, lita 7, kisha nusu saa ya kwenda kiwanja mbadala, lita 16. Mwisho weka akiba ambayo hukusudii kuigusa.

Kanuni za kimataifa, ambazo kanuni za nchi zetu zinazifuata, zinadai akiba ya dakika 30 kwa safari ya mchana inayoongozwa kwa macho, na dakika 45 usiku. Kwa maoni yangu akiba hiyo ni ndogo mno kwa mwanafunzi, na hata kwa rubani mzoefu anayeruka mahali ambapo kiwanja kinachofuata kiko mbali. Saa nzima ndiyo akiba inayostahili kuitwa akiba, kwa sababu inampa mtu nafasi ya kupotea njia, kuzunguka mvua, kukuta njia ya kurukia imefungwa, na bado akafikiri kwa utulivu. Kwa saa nzima ongeza lita 32, na jumla inakuwa lita 138.

Tazama namba hiyo ilivyo karibu na lita 151 za matangi yaliyojaa. Maana yake ni kwamba safari ya kwenda na kurudi inawezekana, lakini tu ikiwa umeondoka na matangi yaliyojaa kabisa, au ikiwa umethibitisha kwa simu, siku hiyohiyo, kwamba unakokwenda kuna avgas na kuna mtu wa kukuuzia. Usidhani kwamba kila kiwanja chenye mafuta kina avgas, kwani vingine vina mafuta ya jeti peke yake. Matangi yaliyojaa nayo yana uzito wa kilo 109 hivi, na huenda yakakulazimu kumwacha abiria wa tatu. Mwache.

Kiwanja mbadala kilicho karibu na Tanga kwenye ramani ni kile cha Pemba, lakini ili kukifikia ni lazima uvuke mkondo wa bahari. Ndege kama hii huteleza karibu maili 1.5 za baharini kwa kila futi 1,000 za kimo. Kutoka futi 5,000 utafika maili 7.5, na katikati ya mkondo wa Pemba hakuna nchi kavu iliyo karibu kiasi hicho. Anayechagua mbadala huo awe juu zaidi, awavalishe watu wote majaketi ya kujiokolea kabla ya kuondoka, na awe amekubaliana na mkufunzi wake.

UKAGUZI WA MATANGI ARDHINI

Geji za mafuta za ndege hizi hutegemea kiboya kinachoelea ndani ya tangi, nazo hudanganya ndege inapoinama, inapogeuka, au waya unapochakaa. Zitumie kukuonya kwamba kuna uvujaji, usizitumie kupima. Kipimo cha kuaminika ni kijiti kilichowekewa alama kwa ajili ya ndege hiyohiyo. Kijiti cha ndege jirani, hata kama ni ya aina ileile, kinaweza kuwa na alama za tangi la ukubwa mwingine. Egesha ndege mahali tambarare, panda ngazi mwenyewe, chovya kijiti wima katika kila tangi, soma pale unyevu ulipoishia kabla haujakauka, kisha andika namba. Usikubali neno la mtu aliyeruka kabla yako kwamba "bado yapo ya kutosha."

Ukimaliza funga vifuniko na uvijaribu kwa mkono. Katika ndege zenye mabawa ya juu, kifuniko kisichokaza hunyonya mafuta nje wakati wa kuruka, na rubani hayaoni yakitiririka nyuma ya bawa. Hakikisha pia kwamba tundu la kupitisha hewa ya tangi halijazibwa na matope au kiota cha nyigu, jambo la kawaida kwa ndege iliyolala siku kadhaa kwenye kiwanja cha shambani. Tangi lisilopumua hukataa kutoa mafuta hata likiwa limejaa.

Kisha chukua sampuli kwenye kila vali ya kumwagia, kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza. Avgas aina ya 100LL ni ya buluu, nyepesi, na harufu yake ni ya petroli. Inyanyue chupa ya sampuli mbele ya kitu cheupe. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hutuama chini kama matone au tabaka lenye mstari unaoonekana. Chupa ikiwa yote haina rangi, usifurahi kwamba ni safi: huenda umejaza maji matupu, au mafuta ya jeti, ambayo huhisi kama mafuta ya taa ukiyasugua vidoleni. Ukikuta maji, endelea kumwaga, tikisa mabawa taratibu, subiri, kisha chukua sampuli tena mpaka mara kadhaa mfululizo zitoke safi. Yakiendelea kutoka, ndege hairuki.

Mafuta ya pipa yanahitaji uangalifu wa ziada. Pipa lililosimamishwa nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko chake, na joto la mchana likifuatiwa na baridi ya usiku huyavuta ndani kupitia nyuzi za skrubu. Lihifadhi likiwa limelazwa, soma tarehe na aina iliyoandikwa, liache litulie kabla ya kupampu, usinyonye mpaka mwisho, na upitishe kila lita katika chujio linalozuia maji. Unganisha pia waya wa kuondoa umeme tuli kati ya pipa, pampu na ndege kabla ya kufungua chochote.

MAFUTA ANGANI

Andika saa ya kuwasha injini. Kila baada ya dakika 30, andika tena mambo matatu: muda uliopita, mafuta yaliyobaki kwa hesabu yako, na dakika zilizobaki kabla ya kugusa akiba. Katika Cessna 172 koki hukaa kwenye nafasi ya matangi yote mawili. Katika PA-28 nafasi hiyo haipo, na rubani lazima abadilishe tangi mwenyewe, kwa kawaida kila nusu saa. Fanya hivyo ukiwa na kimo cha kutosha na mahali pa kutua chini yako: washa pampu ya umeme, sogeza koki, ishike mpaka uhisi imeingia mahali pake, tazama shinikizo la mafuta kwa dakika moja, kisha zima pampu. Ondoka ardhini kwa tangi lililojaa zaidi, ambalo injini imeshalitumia wakati wa kujaribiwa, kwa sababu tatizo la koki iliyobadilishwa dakika ya mwisho hujitokeza ndege ikiwa futi mia chache tu juu ya ardhi.

Punguza mchanganyiko wa mafuta na hewa kama kitabu kinavyoelekeza. Majedwali ya ulaji huandikwa kwa mchanganyiko uliopunguzwa, na anayeruka masaa mawili leva ikiwa imesukumwa mpaka mwisho atakuta matangi yamepungua kuliko hesabu yake. Katika viwanja vya nyanda za juu hatua hii huanzia ardhini. Kitabu cha Cessna 172 huagiza mchanganyiko upunguzwe kabla ya kuruka kutoka viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, ili injini itoe mizunguko mingi kadiri inavyoweza.

Kila unapopita alama iliyo kwenye ramani, linganisha muda halisi na ule ulioupanga. Ukichelewa dakika 6 katika nusu saa ya kwanza, upepo una nguvu kuliko ulivyotabiriwa, na ucheleweshaji huo utajirudia mpaka mwisho wa safari. Uamuzi wa kugeuza njia ufanywe wakati huo, ukiwa na viwanja viwili vya kuchagua. Ikiwa umeshafika mahali ambapo kucheleweshwa zaidi kutakufanya utue ukiwa na chini ya akiba ya kisheria, mwambie mwongozaji wa ndege kwa redio "MINIMUM FUEL". Ukiona kwamba hakika utatua chini ya akiba hiyo, tangaza "MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY, FUEL". Maneno hayo yamewekwa ili yatumiwe, na anayeyatamka hajivunjii heshima.

INJINI INAPOZIMIKA

Ikizimika mara tu baada ya kuondoka ardhini, shusha pua papo hapo ili kulinda kasi, kisha tua mbele yako, ndani ya nyuzi 30 hivi kushoto au kulia. Usigeuke kurudi uwanjani ukiwa chini. Mgeuko ambao ndege imelala ubavu kwa nyuzi 45 huongeza kwa karibu asilimia 19 kasi ambayo mabawa hupoteza mnyanyuo, na kwa kuwa rubani anaiona ardhi ikimjia, huvuta usukani, na ndege huanza kuzunguka kama pia bila kimo cha kuiokoa. Kwa hiyo kabla ya kila kuruka, sema kwa sauti utatua wapi injini ikizimika. Katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kusini kuna Hifadhi ya Taifa na pande nyingine kuna mitaa iliyojaa nyumba. Jibu la swali hilo hubadilika kila njia ya kurukia inapobadilika, na linapaswa kutolewa injini ikiwa bado inanguruma ardhini.

Ikizimika ukiwa juu, fuata mfuatano huu.

Kwanza, kasi ya kuteleza. Ni noti 60 kwa Cessna 152, 65 kwa 172N, 68 kwa 172S na 73 kwa PA-28-161, zote kwa uzito wa juu kabisa. Sawazisha ndege kwa trimu (gurudumu dogo la kurekebisha mizani ya usukani) ili ibaki kwenye kasi hiyo hata ukigeuza kichwa. Ukienda polepole zaidi au haraka zaidi, hutafika mbali hivyo.

Pili, chagua mahali na ugeuke kuelekea huko, ukijua upepo unatoka wapi. Moshi wa jikoni, vumbi la gari, tanga la jahazi, makuti ya minazi na mawimbi madogo ya bwawa vyote hueleza upepo.

Tatu, tafuta chanzo, mkono ukipita sehemu zilezile kwa utaratibu uleule. Koki ya mafuta: peleka kwenye matangi yote mawili, au badilisha tangi. Mchanganyiko: sukuma mbele. Pampu ya umeme: washa, kama ipo. Joto la kabureta (hewa ya moto inayoyeyusha barafu ndani yake): vuta na uliache. Magneto, yaani vifaa vinavyotoa cheche za injini: jaribu zote mbili, kisha moja moja. Kifaa cha kudungia petroli wakati wa kuwasha: hakikisha kimefungwa. Barafu ya kabureta hushukiwa kidogo mno kwetu kwa sababu ya joto letu, ilhali hewa yenye unyevu mwingi ya pwani inaweza kuitengeneza hata siku yenye jasho, hasa nguvu ya injini inapopunguzwa kwa kushuka. Joto la kabureta lina faida mapema tu, wakati bomba la moshi lingali moto.

Nne, kama injini haikurudi na kimo kinaruhusu, tangaza Mayday kwenye masafa unayotumia, au masafa ya dharura ya megahezi 121.5 kama hujibiwi, ukitaja jina la ndege, mahali, kimo, shida, unakokusudia kutua na idadi ya watu. Weka transponda (kifaa kinachojibu rada) kwenye namba ya dharura, 7700. Redio haizuii ndege kuanguka, kwa hiyo isitangulie kasi wala shamba.

KUCHAGUA MAHALI NA KUPAFIKIA

Uwanja bora ni mpana, tambarare, umeelekea upepo, na hauna kizuizi mwanzoni mwake. Kutoka juu, mbuga ya nyasi huonekana laini kama zulia, lakini imejaa vichuguu na mashimo ya wanyama ambayo huonekana tu ukiwa umeshuka sana. Shamba lililovunwa ni bora kuliko mahindi marefu, na unatua humo kwa kufuata matuta, usiyakate. Udongo mweusi wa mfinyanzi hubeba ndege vizuri kiangazi, lakini katika masika hulinasa gurudumu la mbele na kuipindua ndege. Ufuo maji yanapokupwa una mchanga mgumu karibu na maji, nao mara nyingi una watoto na wavuvi. Barabara huvutia kuliko inavyostahili: nyaya za umeme hukimbia sambamba nayo na nyingine huikata, na huzioni, ni nguzo tu unazoziona. Nguzo mbili zinamaanisha waya kati yake.

Panga kufika futi 1,000 juu ya ardhi ukiwa ubavuni mwa mahali pa kugusia, kama katika mzunguko wa kawaida wa uwanja. Kimo cha ziada kimalizie kwa kuzunguka juu ya shamba, usiende mbali nalo. Lenga kwanza theluthi ya kwanza ya shamba badala ya ukingo wake. Ukiwa na uhakika wa kufika, shusha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyopunguza kasi) hatua kwa hatua na uisogeze nukta hiyo karibu. Kuvuka ukingo ukiwa juu kidogo kunarekebishika kwa flapu au kwa kutelezesha ndege kiubavu, bali kukosa futi 20 za mwisho hakurekebishiki.

Kumbuka kimo cha ardhi. Katika Wilson, iliyo zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, siku ya nyuzi 28 hewa ni nyembamba kama ya futi 8,000 na zaidi. Noti 65 kwenye saa ya kasi zitakuwa karibu 74 juu ya ardhi bila upepo, na nguvu ya mgongano huongezeka kwa karibu asilimia 30. Ndiyo sababu upepo wa mbele una thamani kubwa kuliko shamba zuri lililoelekea upande mbaya.

Ukiwa na uhakika wa shamba, kata mchanganyiko, funga koki, zima magneto. Flapu za Cessna nyingi huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo zima swichi kuu baada tu ya flapu kufika mwisho. Kaza mikanda ya wote na ufungue vitasa vya milango ili isikwame fremu ikipinda. Gusa ardhi kwa kasi ndogo kadiri iwezekanavyo, magurudumu ya nyuma kwanza, usukani ukiwa umevutwa mpaka mwisho. Ikiwa huwezi kukwepa miti, ipitishe ndege katikati yake ili miti igongwe na mabawa badala ya chumba cha watu. Mwili uliofungwa vizuri huvumilia mengi: kwa kilomita 80 kwa saa, mita 3 tu za kupunguza mwendo kwa usawa huweka nguvu ndani ya mara 9 ya uzito wa mtu, ilhali kwa kilomita 160 zinahitajika zaidi ya mita 11. Kila noti unayoipunguza kabla ya kugusa huokoa zaidi kuliko ustadi wowote utakaoufanya baadaye.

BAADA YA KUTUA

Toeni watu wote, mwende upande unaotoka upepo, mbali na mafuta yanayovuja, na asiwepo anayewasha sigara. Hakikisha kitoa ishara za dharura kinafanya kazi kwa masafa ya megahezi 406, kwa sababu satelaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza 121.5 mwaka 2009. Toa huduma ya kwanza, piga simu kwa mnara na chuoni, kisha kaeni karibu na ndege, ambayo huonekana kutoka juu kuliko mtu anayetembea. Katika mbuga yenye nyati na simba, bawa na mlango wa ndege ni kinga bora kuliko kichaka. Wazuieni wanakijiji wanaokuja kusaidia wasikinge petroli kwa ndoo, na waelezeni hatari hiyo kwa upole, maana wao ndio watakaowabeba majeruhi hadi barabarani.

Usiisogeze ndege wala kugusa koki na swichi zaidi ya zile za usalama mpaka wachunguzi wa ajali waruhusu, na andika mara moja, ungali unakumbuka, nafasi ya koki, usomaji wa geji, saa ya injini kuzimika na saa ya mwisho uliyoandika mafuta.